Mimea ya ziwani inaponyauka jirani na machimbo: namna ya kutafuta chanzo

Swali hili nimeulizwa kwenye mialo mingi ya Ziwa Victoria, kuanzia Sengerema na Geita hadi Musoma, na karibu kila mara huja na jibu lake ndani: "Mafunjo yetu yanakufa. Ni zebaki, sivyo?" Mara nyingi sivyo. Na pale ambapo zebaki ipo kweli, mafunjo huwa yamesimama, kijani kibichi, yamempita mtu urefu mara mbili.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Taka za machimbo haziui mimea ya ziwa kwa njia moja. Kuna zinazoziba mwanga, kuna zinazounguza mizizi, na kuna zinazotulia ndani ya tope miaka arobaini mpaka gharika izitikise. Ukikosea chanzo, utahangaika na dawa ya ugonjwa mwingine huku wenyewe ukiendelea.

Neno mwalo huku Kanda ya Ziwa lina maana mbili: penye mitumbwi, na penye kuoshea dhahabu. Wakati mwingine ni mahali pamoja. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kabla hujapanda mtumbwi

Kwa hatua ya kwanza huhitaji maabara. Beba ndoo nyeupe, kijiti, kijiko cha plastiki, vikopo safi vyenye mifuniko, chupa mbili tatu zinazopenya mwanga, kipima pH cha mkononi (kinachoonyesha ukali wa asidi ya maji), sahani nyeupe ya sm 20 iliyofungwa kamba na jiwe, na daftari.

Chagua sehemu tatu. Ya kwanza ni juu ya machimbo, kwenye mto au korongo. Ya pili ni mdomoni, mto unapoingia ziwani. Ya tatu ni ghuba jirani isiyopokea maji ya machimbo, yenye kina na tope linalofanana na la mdomoni. Hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na bila hiyo huna kesi. Miamba ya dhahabu ya ukanda huu mara nyingi ina salfaidi, yaani madini yenye salfa, na mingine ina aseniki ya asili, ambayo ni sumu. Ukipima mdomoni peke yake, mtu atakuambia ndivyo ardhi yetu ilivyoumbwa, nawe hutakuwa na la kumjibu.

Waulize wazee wa mwalo mimea ilianza kubadilika lini, na siku hizo kilitokea nini huko juu. Bana mpaka upate mwaka, ikiwezekana na mwezi. "Zamani kidogo" haisaidii.

Majani yamekuwa ya njano au ya kahawia

Anza na magugu maji, kwa kuwa ndiyo yanayowatisha watu upesi. Chuma jani, liinue juani. Ukiona vidonda vya mviringo vya milimita mbili tatu vimetapakaa, kana kwamba mtu amekwangua ngozi ya juu kwa ukucha, hao ni mbawakavu wa Neochetina, walioachiwa ziwani kwa makusudi miaka ya 1990 ili walipunguze gugu hili. Pasua kikonyo cha jani utakuta njia iliyochimbwa, pengine na funza mweupe ndani. Machimbo hayahusiki hapo.

Kama hakuna vidonda, angalia njano imeanzia wapi. Ikianzia majani ya zamani, ya chini, kwa kawaida mmea unakosa naitrojeni au maji yamepungua. Ikianzia majani machanga, mishipa ikabaki ya kijani, mmea unakosa chuma, na moja ya sababu za kukosa chuma ni kuzidiwa na shaba, zinki, nikeli au kobalti. Sasa ng'oa mmea uangalie mizizi.

Mzizi wenye afya wa magugu maji una manyoya mengi, kama brashi ya kuoshea chupa. Uliozidiwa na shaba huwa mfupi, manyoya yamepukutika, ncha zimekuwa kahawia na hukatika ukizigusa. Urefu peke yake usikudanganye, maana kwenye maji yenye rutuba nyingi gugu hili hutoa mizizi mifupi bila kuumwa. Tofauti ni kwamba la namna hiyo huwa na ncha hai na majani ya kijani kilichokolea. Weka mmea wa mdomoni na wa ghuba jirani ndani ya ndoo moja nyeupe, bega kwa bega. Jicho litakuambia mengi.

Mafunjo yakikauka kundi zima, uliza kwanza habari za moto na za kina cha maji. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda isivyo kawaida, mafunjo mengi yaling'oka yakaelea kama visiwa. Kimoja kilikwenda kugonga bwawa la umeme Jinja mwezi Aprili, na Uganda ikakosa umeme. Watu wa upande wetu waliona ufukwe umebaki mtupu wakadhani ni sumu.

Majani ya chini ya maji yametoweka

Hii ndiyo athari ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo isiyopigiwa kelele, kwa sababu mimea hiyo ilikuwa haionekani hata ilipokuwa hai. Anayejua kwamba imekwenda ni mvuvi, kwa kuwa samaki wachanga walikuwa wakijificha humo.

Shusha sahani mpaka ipotee machoni, ipandishe mpaka ionekane tena, andika wastani wa vipimo hivyo viwili. Mwanga wa kutosha kuotesha mmea hufika takriban mara mbili ya kina hicho. Sahani ikipotea kwenye sm 40, mmea uliokuwa ukiishi kwenye kina cha mita moja na nusu sasa uko gizani. Hauhitaji sumu yoyote ili ufe.

Uchafu huo unaweza kuwa udongo au mwani. Jaza chupa, iache usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, mwani mara nyingi huwa umepanda juu kama rangi ya kijani iliyomwagika. Udongo huwa umetuama chini. Unga mwembamba wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, unaweza kuendelea kuelea hata siku ya pili, ila rangi yake ni ya kijivu au nyekundu, kamwe si kijani.

Kisha chomeka upondo, mti wa kusukumia mtumbwi. Kwenye ghuba moja ya Geita nilichomeka ukazama kiasi cha goti kabla haujagusa kitu kigumu. Mzee aliyekuwa akinivusha aliuchomoa, akafuta tope lile la kijivu kwa kidole gumba, akanionyesha. "Mwalimu, hapa tulikuwa tunasimama. Mchanga ulikuwa unakwaruza nyayo, majani yanakushika magotini, na sato anapita katikati ya miguu." Nililisugua katikati ya vidole. Lilikuwa laini kama unga wa sembe, halina unyuzi wa mzizi wala kipande cha jani. Tope la kawaida la ziwa huwa na mabaki ya mimea. Lile lilikuwa mwamba uliosagwa.

Tope la namna hiyo hudumu. Karasha inaweza kufungwa leo, lakini mbegu na vikonyo vilivyofukiwa chini ya sm 40 havitajichomoa, na kila upepo ukivuma kwenye ghuba yenye kina kifupi tope huamka upya. Dawa iko nchi kavu: mabwawa ya kutuliza maji ya kuoshea mawe, na ukanda wa matete na mafunjo usioguswa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni. Nimeona mialo mingi ya kuoshea isiyofika hata mita 10.

Kutu kwenye mashina, utando juu ya maji

Kwanza utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo na vipande visirudiane, ni kazi ya bakteria wa chuma, jambo la kawaida kwenye vinamasi. Ukijifunga tena mara moja, ni mafuta ya mashine.

Pili, mizizi yenye rangi ya kutu. Watu wengi huishika wakaogopa, ilhali mara nyingi ni dalili ya afya. Mafunjo na matete hupeleka hewa chini hadi mizizini, hewa hiyo ikikutana na chuma cha topeni huacha ganda jekundu. Ganda hilo ni kinga ya mmea.

Kinachotakiwa kukuamsha usingizini ni kutu iliyofunika kila kitu, mawe, mashina na sakafu ya mto, kama ute wa rangi ya chungwa, pamoja na pH iliyoshuka chini ya 4 au 5. Hapo salfaidi zilizokuwa zimelala ndani ya mwamba zimekutana na hewa na maji, zikatengeneza asidi, na asidi inayeyusha shaba, zinki na wenzake. Wakati wa kiangazi tafuta ukoko wa chumvi, mweupe, wa njano au wa kijani-buluu, kwenye kingo za korongo chini ya vifusi. Mvua za kwanza huuyeyusha wote kwa pamoja. Ukipima Agosti utasema maji ni mazima. Pima siku ya mvua ya kwanza ya vuli.

Kwa athari za muda mrefu sina mfano mkubwa kuliko Kilembe, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa shaba ulianza uzalishaji mwaka 1956, ukasimama mwaka 1982. Mabaki ya uchenjuaji yalilundikwa kwenye bonde la Mto Nyamwamba, na kule chini Kasese likaachwa rundo la piriti (salfaidi ya chuma) yenye kobalti likinyeshewa mvua. Maji yake yalishuka kuelekea Ziwa George, ziwa la takriban kilomita za mraba 250 lenye kina cha wastani kisichozidi mita mbili na nusu. Tangu miaka ya 1970 watafiti walikuwa tayari wanaandika juu ya mimea iliyokufa kwenye njia ya maji hayo ndani ya hifadhi ya taifa. Baadaye vipimo vya tope la Ziwa George na vinamasi vyake vilikuta shaba na kobalti zikiongezeka kadiri unavyokaribia upande mito hiyo inapoingilia. Kampuni ilianza kulichenjua rundo la piriti mwaka 1999 ili ipate kobalti, na hilo lilipunguza chanzo. Lakini mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yalikata kingo za mabaki ya zamani na kuyasukuma mtoni. Mgodi ulikuwa umefungwa zaidi ya miaka 30.

Kati ya mito hiyo na maji wazi ya Ziwa George kuna mafunjo. Sehemu kubwa ya metali hunaswa humo, kwenye tope na kwenye mizizi. Kinamasi kile kimelibebea ziwa mzigo kwa miaka yote hiyo, na atakayekikata ili alime atauachia mzigo huo uende.

Mizizi myeusi, harufu ya yai bovu

Ng'oa mmea kwa taratibu, utoe na tope lake. Kinamasi chochote kinanuka kidogo. Unatafuta harufu inayokupiga usoni, na mizizi ambayo ganda lake la kutu limegeuka jeusi tii.

Maji ya machimbo yenye salfaidi hubeba salfati, chumvi ya salfa iliyoyeyuka. Salfati yenyewe haina madhara makubwa kwa mmea, na maji yake huwa safi, hayana rangi. Inapofika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa salfaidi, na hiyo ndiyo inayoua mizizi. Waliolijua jambo hili mapema ni watu wa Minnesota, Marekani, kwenye machimbo ya chuma. Huko mpunga wa mwituni, ambao Waojibwe huuita manoomin na kuuheshimu kama chakula chao cha asili, ulikuwa hauoti vizuri kwenye maziwa yenye salfati nyingi. Mwaka 1973 jimbo hilo liliweka kikomo cha mg 10 za salfati kwa lita kwa maji yenye mpunga huo, na mabishano juu ya kikomo hicho hayajaisha. Mmea hauanguki siku moja. Unatoa mbegu chache, nyepesi, mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka mmoja hauoti.

Kwa hiyo ukikuta mizizi myeusi, omba maabara ipime salfati kwenye maji ya juu na salfaidi kwenye maji yaliyomo ndani ya tope. Angalia na chuma: tope lenye chuma kingi huifunga salfaidi, likawa na nafuu. Ndiyo maana ghuba mbili zenye salfati sawa zinaweza kuwa na hali tofauti. Kabla ya yote hakikisha hakuna choo, mnada wa ng'ombe au kiwanda kinachomwaga maji jirani, kwani uchafu wa namna hiyo nao hutoa harufu ileile.

Mimea imezidi badala ya kupungua

Baruti za migodini zina naitrojeni, na sayanidi inapoharibika huacha naitrojeni pia, kwa hiyo machimbo yanaweza kuongeza rutuba ya maji. Lakini kwenye Ziwa Victoria, mashamba, miji na hata vumbi na moshi vinavyoshuka na mvua vinaleta rutuba nyingi mno kuliko machimbo. Usiupeleke mgodi mahakamani kwa sababu ya magugu maji peke yake.

Kila kitu kimekufa ndani ya siku mbili

Mimea ya kinamasi haifi kwa siku mbili kwa metali. Kifo cha ghafla, hasa cha samaki, huelekeza kwenye ukosefu wa oksijeni au kwenye kumwagika kwa sayanidi au asidi. Sayanidi huharibika kwa jua na hewa. Mtu akikuambia mafunjo ya leo yanakufa kwa sayanidi ya miaka kumi iliyopita, tafuta metali zilizokuja nayo.

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kuwa chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wananchi wengi hawakuridhika. Nililojifunza mimi ni la vitendo: oksijeni ipimwe siku ileile, sampuli za maji, tope na mizizi zichukuliwe saa ileile, mbele ya mashahidi wa kijiji. Baada ya wiki maji yameshapita, na kinachobaki ni neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Hakuna dalili yoyote

Hii ndiyo inayoninyima usingizi.

Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Sehemu hupanda hewani, sehemu hubaki kwenye mchanga. Mchanga huo, marudio, huuzwa na kuchenjuliwa tena kwa sayanidi, na sayanidi huyeyusha zebaki iliyobaki ikawa nyepesi kusafiri. Ikifika kwenye tope jeusi la mafunjo, bakteria walewale wanaokula salfati huigeuza kuwa zebaki ya methili, ile inayoingia kwa wadudu, kwa dagaa, kwa samaki wakubwa, kisha mezani. Mafunjo hayabadiliki rangi. Yanaishika zebaki mizizini na kuendelea kuchanua.

Tuwe wakweli: samaki wengi wa maji wazi ya ziwa hili waliopimwa wamekutwa chini ya kikomo cha mg 0.5 kwa kilo. Hatari iko kwenye vijito na vinamasi vilivyo chini ya mialo ya kuchenjulia, mahali ambapo watoto huvua kamongo na akina mama hulima magimbi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Zebaki iliyokwisha kuingia topeni haisomi mikataba, inabaki pale.

Basi kama juu yako kuna mwalo wa kuchenjulia, pima hata kama mimea inapendeza. Chukua tope la juu, sm 2 hadi 5, kwa kijiko cha plastiki, na jingine kutoka chini zaidi, kwani la chini mara nyingi ni la kabla ya machimbo na litakuwa kipimo chako cha jana. Chukua mizizi na majani ya mmea mmoja, uvitenganishe. Ioshe mizizi kwa maji ya palepale mpaka tope liishe, la sivyo utapima tope ukidhani umepima mmea. Omba majibu kwa uzito mkavu. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria pia iko hapo. Nenda na barua ya serikali ya kijiji au ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, utasikilizwa haraka zaidi.

Wakati unasubiri majibu

Usiruhusu mafunjo ya mdomoni yakatwe, hata kama ni kwa nia ya "kusafisha". Usiyachome, maana zebaki hupaa na moshi. Magugu maji kutoka sehemu hiyo yasilishwe nguruwe wala ng'ombe, na yasiwe mboji ya bustani, kwa sababu mizizi yake hufyonza metali kama sponji. Usikubali mtu alete mashine ya kuchimba tope kabla tope halijapimwa.

Huko juu, funika marudio kabla ya mvua, hata kwa turubai na mfereji wa kuyazunguka. Wachimbaji ni ndugu zetu, wengi wao watoto wa wavuvi walewale. Nimeona wakichimba mfereji huo ndani ya siku mbili baada ya kuonyeshwa ndoo yenye mizizi miwili bega kwa bega.

Majibu yakirudi, yaandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kina cha sahani, pH na picha ya mizizi. Rudi mwezi uleule mwaka unaofuata, sehemu zilezile tatu. Mwaka wa tatu ndipo utaanza kuona mstari unaelekea wapi.